Piga Mdomo Tu

Katika miaka tisa niliyokaa nyumba moja na Flaviana alinipiga mara moja tu, na hata hiyo mara moja hakunigusa. Nilipigwa mchana kweupe, kwenye kona ya mtaa wa Wachina katikati ya Washington, kwa ndala ya bibi kizee ambaye hata jina langu hakuweza kulitamka. Watu wa Langley Park, mtaani tulikoishi, wanaisimulia habari hii kila mtu na chumvi yake. Wengine wanasema nilizimia, wengine wanasema polisi walikuja. Polisi hawakuja. Acheni niiseme mwenyewe, maana aliyepigwa ni mimi.

Lakini kwanza mumjue Flaviana. Ni mtu wa Kibosho, mfupi, mtu wa kanisa, mchache wa maneno. Hoteli tuliyofanyia kazi ilikuwa karibu na ukumbi wa mikutano, na yeye alikuwa na vyumba kumi na sita kwa siku. Akitandika kitanda utadhani anakuja kulala askofu. Na mto, akishauvalisha foronya, lazima aupige makofi mawili, moja kulia, moja kushoto, ndipo aulaze. Ukimuuliza kwa nini, anasema, "Ndivyo mama anavyofanya." Basi, habari imekwisha.

Aliingia Marekani mwaka themanini na saba, yaya wa familia moja ya Dar es Salaam iliyokuja kikazi. Kule Kibosho alimwachia mama yake mtoto wake wa pekee, Violet, wa miaka minne. Alisema anakwenda miaka miwili tu. Familia ile ikarudi nyumbani, yeye akabaki, maana Violet alitakiwa asome na mama alitakiwa atibiwe, na wa kuyafanya hayo alikuwa yeye peke yake. Miaka miwili ikawa mitano, mitano ikawa kumi. Karatasi zake zilikuwa zimekwama, akitoka harudi. Mpaka jina lake likatokea kwenye ile bahati nasibu ya green card, ndipo akaanza kumwombea na mtoto. Siku ilipofika barua kwamba Violet amepewa viza, Flaviana aliisoma amesimama jikoni, akaikunja, akaenda kuosha vyombo. Aliosha hata vilivyokuwa safi.

Na mimi? Mimi ni Honorata, Mlutheri wa Marangu, na pale hotelini nilisafisha ghorofa ya sita, vyumba vinavyotazamana na vyake. Nina mdomo. Nimeambiwa na mama, na mchungaji, na aliyekuwa mume wangu, kwa hiyo sina ubishi. Mtoto sina, Mungu hakunipa, na hilo ndilo jambo pekee nililowahi kulinyamazia maishani. Sanduku la Violet la kila Krismasi tulilifunga sote wawili. Viatu nilichagua mimi, kwa sababu Flaviana akiachiwa ananunua viatu vya masista.

Sasa, yule bibi. Mara ya kwanza tulimwona Machi ya mwaka tisini na saba. Tulikuwa tumetoka kazini, tunakwenda kupanda treni Gallery Place, na pale kona ya Mtaa wa H na Mtaa wa Sita tukamkuta bibi wa Kichina amekaa kwenye kigoda, mshumaa mwekundu na udi vinawaka kwenye kopo la mchele, na miguuni pake kipande cha nyama mbichi na yai. Yai! Njia panda! Nyie mliotoka Uchagani hamhitaji kuambiwa. Kwetu ukikuta yai njia panda huulizi ni la nani, unageuza na kurudi kwa njia nyingine. Flaviana akashika rozari ndani ya koti, mimi nikamshika Flaviana, tukavuka barabara taa ikiwa nyekundu, dereva wa teksi akatutukana kwa Kiamhari.

Tukasimama ng'ambo tunachungulia. Bibi akaweka kikaratasi cheupe chenye umbo la mtu juu ya tofali. Akavua ndala. Kisha, mae wee! Akaanza kukitandika kile kikaratasi, pa! pa! pa! huku anaimba kwa mdundo kama mtu anayetwanga mahindi. Wazungu na tai zao wanapita hata shingo hawageuzi.

Flaviana akaiachia rozari. "Ndala," akasema. Halafu akaanza kucheka, na Flaviana akicheka hana sauti, anatikisika tu kama friji bovu. "Hono, huyu si mchawi. Huyu ni mama yangu."

Kesho yake tukamuuliza Suk-Yin wa chumba cha kufulia, kwani ndiye Mchina pekee tuliyemjua. Kumbe yule bibi ni mama mkwe wake! Suk-Yin akatueleza kwa Kiingereza chake, ambacho na chetu vilitoka gunia moja. Kwao Hong Kong kuna siku mwanzoni mwa Machi ambayo wadudu huamka kutoka usingizi wa baridi. Wadudu wakiamka, na watu wabaya nao wanaamka: wasengenyaji, wafitini, wale wa kukuchimba ukigeuka. Basi siku hiyo unaandika jina la mbaya wako kwenye kikaratasi, na bibi anakitandika kwa ndala tangu kichwa hadi miguu. Kuna na chui milia wa karatasi, anapakwa mafuta ya nguruwe mdomoni ili ashibe asikung'ate. Kisha vyote vinachomwa. Mtu mwenyewe hafi wala haumwi, anakoma tu kukusumbua. Na ukishamaliza na mbaya wako, unaandika jina la mwema wako kwenye karatasi nyekundu, yule wa kukushika mkono, naye anaombewa baraka.

"Kwa hiyo si ulozi," Flaviana akakata shauri. "Ni kama sala ya Malaika Mikaeli, ila hii ina ndala."

Mwaka uliofuata ndipo nilipoharibu. Violet alikuwa anafika Jumamosi, tarehe saba Machi, kwa ndege ya kutoka Amsterdam inayotua Dulles alasiri. Kitanda chake tulishakitandika chumbani kwa Flaviana, shuka za maua. Mwenye gari ni mimi, kwa hiyo ilikuwa inajulikana: Honorata anaendesha, kwenda Flaviana anakaa mbele, kurudi anakaa nyuma na mwanawe. Nilikuwa nimepanga mpaka kaseti ya kwaya ya kuweka.

Jumatatu ya wiki ile tulikuwa kantini ya wafanyakazi, chini kabisa ya hoteli, tunakula. Flaviana alikuwa bado juu anamalizia vyumba. Watu wakauliza habari za mgeni, na mimi nikiulizwa huwa siishii kujibu. Nikasema, "Huyo Flavi mtoto wake hamjui tena! Mtaona, atambeba binti wa Mhabeshi ampeleke nyumbani, wa kwake abaki analilia kwenye masanduku." Meza nzima ikavunjika mbavu. Nikasimama nikaigiza na jinsi atakavyomvuta mkono mtoto wa watu.

Jerotich wa Eldoret, anayesukuma toroli la taulo, alilifikisha neno ghorofa ya sita likiwa bado la moto. Nilipomfuata baadaye alishangaa kabisa. "Aki Hono, mimi nilidhani ni story ya kucheka tu! Nilimwambia vile ulisema, na akacheka." Hakucheka. Namjua. Alitikisika, na Flaviana anatikisika kwa namna mbili.

Jioni ile aliniambia maneno machache tu: "Jumamosi usihangaike. Nitapanda treni mpaka West Falls Church, halafu basi." Kisha akanyamaza siku nne. Mnajua kuishi na mtu aliyenyamaza ndani ya vyumba viwili? Alikuwa anaongea na televisheni. "Kuna watu wanaacha sufuria bila kuiloweka," anamwambia mtangazaji wa hali ya hewa, nami nimekaa hapo hapo. Jambo la lazima aliliandika kwa herufi kubwa akalibandika kwenye friji: MAZIWA YAMEKWISHA. Alhamisi nikamsikia kwenye simu anaulizia chumba cha kupanga Hyattsville, cha watu wawili. Nikaingia bafuni nikafungua maji ili asisikie ninavyolia. Niliogopa, jamani. Miaka tisa! Na yule mtoto nimemchagulia viatu tangu mguu wake unaenea kwenye kiganja.

Mngedhani ningeomba radhi. Wapi! Mimi nilikuwa nimeshampata mwenye makosa, na mwenye makosa ni Jerotich. Mimi nilitania, yeye ndiye aliyebeba. Asingebeba, neno lingeozea kantini pamoja na makombo. Kwa hiyo Ijumaa asubuhi, Suk-Yin alipopita na mashuka akasema, "Leo wadudu wanaamka, mama mkwe atakuwa kona," nilisema moyoni, vizuri sana. Nikaandika JEROTICH kwenye karatasi yenye nembo ya hoteli, nikaitia mkobani, na zamu ilipoisha saa tisa nikashika njia.

Upepo ulikuwa mkali, unatoka upande wa ule uwanja mpya wa kikapu. Bibi alikuwa palepale, kigoda kilekile, na pembeni yake kopo la bluu la biskuti za siagi, lile ambalo kwetu sote linawekwa nyuzi za kushonea. Yeye anachomea karatasi humo. Suk-Yin alisimama kando akikinga mshumaa. Na mbele yao alichuchumaa mtu amevaa koti la kijani ambalo nililichagua mimi.

Juu ya tofali kulikuwa na kikaratasi cheupe. Herufi zilikuwa zile za kwenye friji: HONORATA.

"Flaviana wa Kibosho!" Nilipiga kelele mpaka njiwa wakaruka. "Ijumaa! Ya Kwaresima! Na mafuta ya nguruwe!"

Alishtuka, lakini hakuficha kitu. Alinitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. "Hono," akasema, "subiri zamu yako."

"Zamu yangu? Anayepigwa si ndiye mimi!"

Bibi akamuuliza Suk-Yin jambo. Suk-Yin akajibu huku ananinyooshea kidole. Bibi akanitazama tangu kofia hadi viatu, uso ukamfunguka, akavuta ndoo ya plastiki akaigeuza juu chini, akaipigapiga kwa kiganja.

"Anasema alianza kazi hii kabla hajaolewa," Suk-Yin akatafsiri, "na mtu mbaya hajawahi kuja mwenyewe. Amefurahi sana. Anasema ukae."

Nikakaa. Ningefanya nini?

"Na umwambie rafiki yako aache ubishi," Suk-Yin akaendelea. "Tuko hapa nusu saa. Mama mkwe anapiga mtu mzima, kichwa, mikono, miguu, ndiyo kazi yake. Huyu anataka apige mdomo tu."

Nikamgeukia Flaviana. "Mdomo tu?"

"Mdomo tu," akasema. "Kichwa hakina kosa. Na mikono asiiguse, ndiyo inayoshika usukani."

"Si ulisema unapanda basi?"

"Nilisema." Akajifuta pua kwa mkono wa koti. "Hono, ulisema sitamjua mwanangu."

"Nilikuwa natania, Flavi, wewe unanijua mimi..."

"Picha zake ninazo, nazitazama kila siku," akasema. Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi kiasi hicho kwa mkupuo. "Nikifumba macho tu, anarudi wa miaka minne. Ana gauni la njano, ananing'ang'ania mguu. Huyu wa miaka kumi na mitano simwoni. Jambo ninalomwomba Mungu lisinifike, Hono, wewe umelifanya kichekesho, watu wanatafuna na kucheka."

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Jerotich hakutunga hata neno moja. Kinywa kilikuwa changu, na wadudu wote walioamka mwaka ule walikuwa wamelala humu. Ulimi hauna mfupa, wamesema wazee, lakini huu wangu ulikuwa umemchoma mtu palepale alipokuwa na kidonda, na mtu mwenyewe ndiye niliyempenda kuliko wote katika nchi ile. Nikasema, "Nisamehe, Flavi." Nilipoona limetoka dogo, nikalirudia. Kisha nikamgeukia Suk-Yin. "Mwambie bibi apige. Mdomo, na asinionee huruma."

Bibi akanung'unika kuhusu watu wa kazi nusunusu. Akachukua kalamu, akamchorea yule mtu wa karatasi mdomo, mkubwa, wa haki kabisa, akaanza kuushughulikia. Pa! pa! pa! Mpita njia mmoja akasimama, akaniona nimekaa kwenye ndoo nahesabu mapigo yangu, akaondoka haraka. Bibi alipochoka nikaiomba ile ndala nikaongeza tatu za kwangu. Flaviana akaanza kutikisika, na safari hii ilikuwa ile namna ya kucheka.

Kikaratasi kikachomwa kwenye kopo la biskuti. Bibi akatoa karatasi nyekundu na kalamu, akampa Flaviana. Suk-Yin akasema, "Sasa andika mtu mwema."

Flaviana akaiweka ile karatasi gotini, akaandika polepole, akairudisha. Bibi akaitazama. Akaisogeza karibu na mshumaa. Kiingereza hajui kusoma, lakini macho anayo, na maumbo yale alikuwa ametoka kuyatandika sasa hivi. Akaanza kufoka.

"Anasema umekosea," Suk-Yin akatafsiri. "Huyu tumeshamchoma."

"Mwambie sijakosea," Flaviana akasema. "Sina mwingine."

Mimi? Nililia palepale kwenye ndoo, hilo ni kweli, ila sikuzimia. Bibi alitutazama mmoja baada ya mwingine, akatikisa kichwa, akatoa vipande viwili vya mti, akavirusha chini. Kimoja kikalala chali, kingine kifudifudi. Suk-Yin akasema hiyo maana yake ni ndiyo, imekubaliwa, nendeni nyumbani, baridi itawaingia. Ile karatasi nyekundu Flaviana aliikunja akaitia kwenye pochi yake, pamoja na picha ya ubatizo wa Violet. Jerotich wangu nilimtupa kwenye pipa la taka pale stesheni, bila kupigwa.

Kesho yake tulifika Dulles saa nzima kabla ya ndege. Niliendesha mimi, yeye amekaa mbele, kama ilivyopangwa. Ile kaseti tu niliisahau. Flaviana alisimama mbele kabisa, ameshikilia chuma cha kuzuia watu kwa mikono miwili. Milango ikaanza kufunguka, abiria wakaanza kutoka na matoroli yao, na ndipo nikagundua jambo lililonikata maini. Macho ya Flaviana yalikuwa chini. Kila mlango ulipofunguka alitazama usawa wa viuno vya watu, kwenye magoti, pale anapofika mtoto wa miaka minne.

Nami nikamwona. Alikuwa nyuma ya familia ya Wahabeshi yenye maua mengi, binti mrefu, ametupita sote wawili, amevaa viatu vya kahawia vyenye kifungo pembeni. Viatu vyangu! Jina lake lilinipanda kooni, likafika kwenye meno. Nikabana midomo. Nikaing'ata. Flaviana anatazama magoti, binti anazidi kusogea na macho yake yanatafuta kwenye ule umati, na mimi pale, Honorata mzima, nimenyamaza, machozi yananitokea puani.

Binti akasimama kuweka sawa mzigo wake. Juu ya toroli kulikuwa na furushi, blanketi lililofungwa kwa kamba, na lilikuwa limeanza kulalia upande. Akaliinua, akalipiga makofi mawili, moja kulia, moja kushoto, akalilaza.

Flaviana akainua macho. "Violet," akasema, taratibu, kama anayemwamsha. Halafu akapita chini ya kile chuma na koti lake na mkoba wake, akakimbia, askari anamwita nyuma naye hasikii.

Tuliporudi, wao wawili walikaa nyuma. Tulikuwa hata hatujafika barabara kuu, Violet ameshalala begani kwa mama yake, miguu yake mirefu imebanwa na kiti changu. Flaviana akanitazama kwenye kioo.

"Hono," akasema. "Ulimwona kabla yangu?"

"Thubutu!" nikasema. "Ningemwona, ningenyamaza mimi?"